Samaki Aliyenuka Matufaha

Samaki alilazwa kwenye meza ya kituo cha polisi, juu ya gazeti la juzi, na wanaume wawili walikuwa wakigombana mbele yake kama warithi mbele ya maiti.

"Huyu katupwa mtoni," alisema mzee Firmin Gaudry. "Katupwa, Afande. Andika hivyo."

"Kapanda mwenyewe kutoka baharini," alisema Meya Aubin Delacotte. "Kachoka, kafa. Hata wewe ukiupanda mto wote huu utakufa."

"Mimi sina mapezi."

"Una domo. Lingekusukuma."

Inspekta Bertille Vasselin aliwaacha waendelee. Alivaa glavu, akavuta taa karibu. Alikuwa mwenyeji wa bonde hilo la mto Airelle, na alijua kwamba watu wa kijiji cha Gué hawawezi kusema ukweli wowote kabla ya kutukanana kidogo.

Lakini safari hii neno lilikuwa zito. Ukuta wa bwawa, uliouziba mto tangu enzi za mababu, ulikuwa umebomolewa mwaka uliopita. Ziwa lilikauka, mto ukarudi kwenye njia yake, na watu wakasubiri samoni, samaki wa baharini wanaopanda mito kutaga mayai. Wakasubiri sana. Ndipo Jumatatu, Maryvonne Tesson, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, akapiga picha kwa simu yake: samaki mkubwa akiruka juu ya mawe mahali uliposimama ukuta. Picha ilizunguka mkoa mzima. Mkuu wa Mkoa akatuma ujumbe kwamba Jumapili atakuja mwenyewe kuwaona, kisha ataamua kama ukuta wa pili, ule wa Pont-Gris huko juu, nao uvunjwe.

Na sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mzee Firmin, mwenyekiti wa Marafiki wa Ziwa, mtu aliyeupinga ubomoaji tangu siku ya kwanza, alikuwa ameleta samoni mfu ndani ya toroli. Ikithibitika kwamba samaki huyu alitupwa, nani angeiamini tena picha ya Maryvonne?

"Umemwokota wapi, mzee Firmin?"

"Ukingo wa kushoto, chini ya daraja la mawe. Kwenye matope. Hapo ndipo nilipojua kuna ulaghai. Hawa hawapiti matopeni hata kidogo. Wanataka changarawe, na maji yanayokimbia."

"Tangu lini umekuwa mwanafunzi wa mto?" aliuliza Meya.

"Sijaukanyaga mto wako tangu mlipolimwaga ziwa langu!"

"Leo umefikaje darajani?"

"Nilikuwa napita."

Bertille aligusa pezi la mgongoni. Lilikuwa fupi, limesagika kama ufagio wa zamani. Alifunua matamvua, akainamisha pua. Akatulia. Akainamisha tena.

"Corentin," alimwita askari wake kijana, "njoo unuse."

"Afande, mimi bado sijanywa chai."

"Nusa."

Corentin alinusa kwa mbali, kisha kwa karibu, uso ukimbadilika. "Matufaha!"

Kwa kibano Bertille alichomoa kitu kilichonata ndani ya matamvua: uzi wa kahawia, laini, wenye ganda jekundu. Yalikuwa makapi ya matufaha yaliyokamuliwa.

Meya alicheka, lakini kicheko chake kilikwisha mapema. "Mwezi huu wa Novemba, Afande, hata padri ananuka matufaha."

Hilo lilikuwa kweli: ulikuwa msimu wa kukamua matufaha ya sida, pombe ya kijiji. Bertille aliwashukuru wote wawili, akawatoa nje, akafunga mlango.

Kabla ya saa ya chakula alifika Yaelle Kermarec, mtaalamu wa samaki kutoka mjini, mwanamke mrefu mwenye mkoba wa ngozi na mabuti ya mpira yaliyopanda hadi mapajani. Alimpasua samaki bila maneno mengi.

"Tumbo tupu," alisema.

Corentin alipiga kofi. "Basi ni wa mtoni! Nimesoma mimi. Samoni akitoka baharini akaingia mtoni, hali kitu tena. Anaishi kwa mafuta yake mwilini."

"Umesoma vizuri, kaka. Lakini wa kufugwa naye hunyimwa chakula kabla ya kuuzwa, ili asichafue maji. Tumbo tupu halishuhudii upande wowote."

Corentin alirudisha mikono mfukoni. Yaelle alibandua gamba moja, akaliweka chini ya darubini, akampisha Bertille.

"Unaona pete?"

"Naona. Kama za mti uliokatwa."

"Samaki wa porini, pete zake huwa zimebanana penye njaa na kuachana penye shibe. Hizi zimepangana sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Huyu hajawahi kulala njaa mpaka juzi. Alikulia kwenye kizimba baharini, akasafirishwa mahali penye hewa haba, akatupwa ghafla kwenye maji yasiyo na chumvi. Maskini, hakuishi hata siku."

"Na yule wa kwenye picha?"

Yaelle alitazama simu, akaigeuza, akaikuza picha mpaka ikawa madoa matupu. "Maji yamemfunika nusu. Mimi moyoni nasema ni samoni wa porini. Mbele ya Mkuu wa Mkoa siwezi kuapa. Nitafutie samaki hai, Afande, au kiota cha mayai. Bila hivyo huyu mfu atamzika na yule wa kwenye picha."

Bertille alichukua koti. Samoni mkubwa akiwa hai habebwi kwenye ndoo. Panahitajika pipa pana, na pipa lenye makapi ya matufaha ni pipa la kukamulia. Katika kijiji cha Gué mashinikizo ya kukamulia matufaha yalikuwa mawili tu: la Maryvonne na la Meya.

Alianza na la Maryvonne, na kwa sababu ya kutosha. Mwanamke huyo alikuwa amepigania samoni miaka yote. Picha ilikuwa yake, na heshima ilikuwa yake. Kama kulikuwa na mtu mwenye haja ya kuona samaki mtoni kesho, basi ni yeye.

Maryvonne alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono imelowa hadi viwikoni, akisukuma mtaimbo wa shinikizo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Karibu, mwanangu! Umekuja kunikamata au kunisaidia?"

"Itategemea, mama. Pipa lako lina nini?"

"Juisi. Chungulia."

Bertille alichungulia. Pipa lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na povu zito la kahawia lilikuwa limetanda juu yake, gumu kama ukoko.

"Limejaa tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Hilo povu halitengenezwi kwa siku moja, hata mama yako anajua." Maryvonne alishuka ngazi taratibu. "Kumbe ndiyo hivyo. Mnadhani nimepakia samaki humu. Ningempakia samaki humu, mwanangu, kijiji kizima kingekunywa sida yenye magamba mpaka Pasaka."

"Mzee Firmin anasema kuna ulaghai."

"Firmin! Huyo tangu maji yaondoke anaongea na bata wake wa plastiki." Kisha sauti yake ilishuka. "Lakini mimi nilimwona, Bertille. Si kwa simu. Kwa macho haya. Aliruka, akaning'inia hewani, nikasahau kupumua. Picha mbaya nilipiga kwa sababu nilikuwa namtazama yeye, si simu. Tangu siku ile kila asubuhi nakwenda pale kwenye mawe, na simwoni tena. Kesho nitamwonyesha nini Mkuu wa Mkoa? Mawe?"

Bertille alimshika bega, akaondoka.

Kwa Meya hakubisha hodi mlangoni. Alizunguka nyuma, uani. Chini ya banda kulikuwa na kilima cha matufaha, mengine yameanza kuoza, na nyigu wa mwisho wa msimu walikuwa wakiyatambalia kivivu. Kando ya kilima lilisimama shinikizo, kavu. Kando ya shinikizo lilikuwa pipa. Lilikuwa limesuguliwa kwa brashi na magadi mpaka mbao zikawa nyeupe kama mfupa.

"Afande!" Meya alitokea jikoni akiwa na kikombe mkononi. "Karibu kahawa. Au ile yenye tone la kitu kikali?"

"Una matufaha mazuri, Mheshimiwa."

"Mwaka wa baraka."

"Yanaoza."

"Shughuli nyingi. Maandalizi ya mgeni."

"Lakini pipa umepata muda wa kulisugua." Bertille alipitisha kidole kwenye ubao. "Watu husugua pipa msimu ukianza, na husugua msimu ukiisha. Katikati hawaligusi, maana ile chachu ya mbaoni ndiyo inayofanya kazi. Baba yangu angemchapa mtu aliyeosha pipa Novemba. Ulikuwa unaosha nini?"

Meya alitazama kikombe chake. Alikunywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja ingawa ilikuwa ya moto, akakaa juu ya gogo.

"Harufu," alisema. "Haitoki, Afande. Nimetumia magadi, nimetumia siki. Mke wangu anasema sida ya mwaka huu tutakunywa na limau."

Bertille alifungua daftari lake.

"Nilitaka kusaidia. Tangu Jumatatu hakuna aliyemwona samaki mwingine. Nikamfikiria Mkuu wa Mkoa amesimama ukingoni na viatu vyake vizuri, anatazama maji matupu, halafu anapanda gari na kurudi mjini, na ukuta wa Pont-Gris unabaki pale mpaka wajukuu wangu wazeeke. Basi Alhamisi nikaenda pwani kwenye vizimba, nikanunua wawili wazima. Nikarudi wakati wa chakula cha mchana. Unajua saa hiyo hapa Gué, hata ukipitisha tembo barabarani hakuna atakayeinua uso kwenye sahani."

"Mmoja tunaye. Wa pili yuko wapi?"

Meya aligeuka mwekundu. "Alifia njiani."

"Umemtupa wapi?"

"Hatukumtupa. Tulimla. Na siagi."

Bertille aligeuza uso kuelekea kilima cha matufaha, akakohoa kwa muda mrefu kidogo. Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa wa kazi.

"Kuachilia samaki mtoni bila kibali ni kosa, Mheshimiwa. Nitaliandika."

"Ukiandika umeuokoa ukuta! Watasema picha ni uongo, Maryvonne ni mwongo, mto mzima ni mwongo."

"Na nikinyamaza, Firmin atasema, na mimi nitakuwa mwongo wa tatu. Kesho mbele ya mgeni utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajauliza."

"Kisha?"

"Kisha niachie mimi."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye karata mkononi. Alikuwa nayo moja, na hakuwa na hakika nayo. Ndani ya gari alirudia maneno ya asubuhi, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye lile lililomkwaruza sikio.

Nyumba ya mzee Firmin ilikuwa juu ya mteremko, pale pale ukingo wa ziwa ulipokuwa zamani. Alikuwa akikodisha vimashua vya kukanyaga kwa miguu, vyenye umbo la bata maji wakubwa weupe. Sasa bata hao walikuwa wamekaa kwenye majani, shingo zimepinda kwa madaha, na ng'ombe wa jirani walikuwa wakijilisha katikati yao. Mzee alikuwa kizingitini, anavua mabuti. Alipoona gari la polisi akayasukuma nyuma ya mlango.

"Umemkamata?"

"Karibu. Nina swali dogo, mzee Firmin. Mezani samaki alikuwa mmoja. Wewe ukasema 'hawa'. 'Hawa hawapiti matopeni.' Hawa kina nani?"

"Ni namna ya kusema."

"Nani amekuambia wanataka changarawe?"

"Nimesoma."

"Wapi?"

"Kitabuni."

"Kitabu gani kinalowesha mabuti?" Bertille alinyoosha mkono, akavuta buti moja kutoka nyuma ya mlango. Alilipindua, na changarawe zikamwagika, ndogo, safi, zenye rangi ya asali. "Chini ya daraja ni matope matupu. Hizi hazikutoka huko. Unakwenda mahali pengine, na unakwenda mara kwa mara."

Masharubu ya mzee yalicheza. Alitazama bata wake mmoja mmoja, kama mtu anayewaomba ushauri.

"Usimwambie Maryvonne," alisema mwishowe.

"Siwezi kuahidi hilo."

"Basi angalau tembea polepole. Na usivae hilo koti linalong'aa."

Walishuka malisho, wakapita kisiki kikubwa kilichokuwa chini ya maji miaka yote, wakafika kwenye kona ambayo haionekani kutoka barabarani. Mto hapo ulikuwa mwembamba, una haraka, na sauti yake ilikuwa kama ya watu wanaopiga soga chumba cha pili. Ukingoni kulikuwa na kiti cha kukunja na blanketi. Firmin alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi. Bertille naye akalala.

Mwanzoni aliona maji tu. Kisha kipande cha maji kikageuka, kikaweka ubavu juani, na kikawa samaki. Jike. Alijipiga ubavu kwenye changarawe mara kadhaa kwa nguvu, mawe madogo yakaruka, na shimo lililokuwa chini yake likazidi kina. Nyuma yake, kimya kama ubao, alisimama dume mwenye taya lililopinda kama ndoano na mapezi marefu, kamili, yasiyosagika popote.

"Tangu lini?" Bertille alinong'ona.

"Siku ya kwanza nilimchukia. Nilikuja nimtupie jiwe. Siku ya pili nikaleta kiti." Mzee alifuta pua. "Kuna dume mwingine, mdogo; huyu mkubwa humfukuza. Wajinga sana. Nacheka peke yangu hapa kama mwehu."

"Kwa nini hukusema?"

"Watu wangu walisaini pingamizi wakinifuata mimi. Walivaa fulana zenye picha ya ziwa. Huguette aliuza viazi vya kukaanga hapo ukingoni nusu ya maisha yake. Niwaambie nini? Nimebadili upande kwa sababu ya mkia wa samaki?"

"Lakini yule mfu ulimleta."

"Ndiyo! Mtu anatupa samaki wa dukani kwenye maji yao, kisha kesho Mkuu wa Mkoa aambiwe ndiye samoni wa Airelle? Yule mlegevu? Hapana. Siwapendi waliobomoa ukuta, lakini kuna mipaka."

Bertille alirudi kituoni kwa mwendo wa kasi kuliko sheria inavyoruhusu, akamwita Yaelle.

Jumapili ilikuja na jua la baridi. Kijiji chote kilikuwa kando ya mawe, upande mmoja wavuvi wa Maryvonne na keki zao, upande wa pili Marafiki wa Ziwa na fulana zao juu ya masweta. Mkuu wa Mkoa, Bi. Aumont, mwanamke mdogo mwenye miwani, alishuka garini na kutazama maji. Yalikuwa matupu.

Meya alivua kofia. Alisema yote: pwani, pipa, chakula cha mchana. Alipofika kwenye siagi, upande wa Marafiki wa Ziwa ulilipuka kwa vicheko, na Maryvonne akafunika uso kwa mikono miwili.

Bi. Aumont hakucheka. "Basi, Mheshimiwa Meya," alisema, "nadhani tumemaliza." Akageukia gari lake.

"Bado, Mheshimiwa," alisema Bertille. "Hiyo ilikuwa nusu ya upelelezi. Nusu ya pili anayo shahidi."

"Shahidi gani?"

Bertille alimtazama mzee Firmin aliyesimama katikati ya watu wake, na akaendelea kumtazama. Angeweza kumtaja. Alikuwa na haki hiyo. Lakini ushahidi wa kutolewa kwa koleo ungekuwa na thamani gani kwa watu waliovaa zile fulana?

Mzee alitazama viatu vyake. Akatazama mawe. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Nifuateni. Na atakayepiga kelele nitamtupa majini mwenyewe."

"Firmin?" aliita Huguette wa viazi. "Unakwenda wapi? Firmin!"

Walimfuata wote, kwa mstari mmoja, katikati ya bata weupe na ng'ombe waliowashangaa. Penye kona Yaelle alikuwa ameshafika tangu asubuhi, amelala kwenye majani. Aliinua kidole gumba. Bi. Aumont aliinama, hakuona kitu, akasita, kisha akalala kifudifudi na koti lake la Jumapili. Miwani yake ikakaribia kugusa maji.

"Hao ni wa porini," Yaelle alinong'ona. "Mapezi, taya, kiota. Hayo naapa popote utakaponipeleka."

Maryvonne alikuwa amepiga magoti kando ya Firmin, machozi yanamtiririka kwenye mashavu makubwa. "Mzee mnafiki," alimwambia taratibu. "Mzee mnafiki mzuri wewe."

"Usinishike, watakimbia."

"Wanaweza kuuvuka ukuta wa Pont-Gris?" aliuliza Bi. Aumont bila kuinua macho.

Firmin aligeuza kichwa kidogo. Nyuma yake zilikuwepo fulana zote zile. "Hawawezi, Mheshimiwa. Ijumaa nilimfuata dume mdogo mpaka pale. Aliruka, akaugonga, akarudi nyuma. Akaruka tena. Niliondoka. Sikutaka kuendelea kutazama."

"Utayasema hayo mbele ya kamati?"

"Nitayasema."

"Firmin!" Huguette alikuwa amejipenyeza mbele, bibi mfupi mwenye hasira hadi puani. "Na ziwa letu je?"

"Ziwa letu lilikuwa zuri sana, Huguette. Nitalikumbuka mpaka nife." Mzee alisogea, akatandika ncha ya blanketi lake. "Njoo utazame hapa mara moja. Ukitaka kunitukana utanitukana baadaye."

Huguette aligoma. Kisha akashuka, goti moja, goti la pili, akilalamika, mkono kwenye bega la mzee. Alikaza macho. Majini, jike alijigeuza tena ubavu, akazipiga changarawe, na rangi ya fedha ikawaka, ikazimika.

"Mbona amelala hivyo? Anaumwa?"

"Anatengeneza mahali pa wanawe."

Huguette alisogea karibu zaidi na maji. Nyuma Meya alikuwa akimweleza mtu kitu kuhusu pipa lake, mtu akicheka, keki zikipita mkono kwa mkono. Bibi aligeuka, akautazama umati wote, wavuvi na Marafiki, meya na maafisa, akaweka kidole mdomoni.

"Hebu nyamazeni nyie," alisema. "Hamwoni yuko kazini?"